Kiti cha Sakafu ya Bucha

Nyumba moja, milango mitatu. Mtoto akibisha wa kwanza anaambiwa, wewe ni wa mlango wa pili. Akibisha wa pili anaambiwa, wewe ni wa tatu. Akibisha wa tatu anarudishwa wa kwanza. Nyumba gani hiyo? Usijichoshe kuwaza. Ni chuo cha usanifu, na mtoto mwenyewe ni binti mmoja ambaye wenzake walimwita Futi, maana futi ya kupimia haikumtoka kiunoni hata akienda msibani.

Mlango wa kwanza uliandikwa Vyumba. Humo walifundishwa kupanga ndani ya nyumba: mwanga uingilie wapi, mtu apitie wapi, ukuta ufanywe nini. Wa pili uliandikwa Samani, yaani viti, meza, makabati na ndugu zao. Wa tatu uliandikwa Vifaa, vitu vya kushika mkononi, kuanzia mpini wa ufagio hadi kifuniko cha chupa. Mwanafunzi alipita kote, lakini mwaka wa mwisho sharti achague mlango mmoja, na kazi yake ya kumalizia isimame kwenye jukwaa la ukumbini kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa ya mwisho ya muhula. Asiyekabidhi hana cheti.

Sasa Futi alikuwa amefanya kazi moja yenye viungo vitatu.

Aliifanya kwa mama yake mkubwa, dada wa mama yake, ambaye kazi yake ilikuwa kusuka nywele. Mamkubwa alikuwa na chumba kimoja kando ya barabara, na zamani chumba hicho kilikuwa bucha. Ndoana zilishang'olewa darini, harufu ilishakwenda zake, ila sakafu ilibaki ile ile. Ilimwagwa na mteremko kutoka ukuta wa nyuma hadi mlangoni ili maji ya kuoshea damu yakimbilie mferejini. Kitu cha mviringo kikikuponyoka humo, usikifukuze. Toka nje ukakisubiri.

Miaka kumi na tisa Mamkubwa alisuka humo ameinama. Wateja walikaa kwenye viti vya plastiki vilivyotiliwa vipande vya mbao miguu ya mbele, na kila mteja aliyejitikisa aliporomoka na msuko wake. Nywele za kuongezea Mamkubwa alizitundika begani, nyingine akazibana kwa meno, ndiyo maana ukimuuliza jambo alikujibu kwa pua. Jioni alijinyoosha kwa awamu, kama mwavuli mbovu.

Futi alikaa pale wiki tatu bila kuchora hata mstari mmoja. Alichukua chaki, akawa anaweka alama ukutani kila kiwiko cha Mamkubwa kilipofika, na kila nyonga yake ilipoegemea.

"Unanitia alama kama mti wa kukatwa?" Mamkubwa akamuuliza kwa pua.

"Nakupima, Mamkubwa."

"Basi nipime vizuri. Kiuno hiki ukikikosea sina cha akiba."

Kikatoka kitu. Kwenye ukuta wa nyuma Futi alijenga kingo ya saruji na mbao, kimo cha nyonga za Mamkubwa, ili asuke huku ameegemea, nusu amekaa nusu amesimama. Dirisha lililozibwa zamani za bucha akalizibua, mwanga ukaanguka pale pale utosini kwa mteja. Mbele ya kingo akaweka kiti. Kilikuwa kiti kifupi cha mbao, chenye mikono, na miguu yake ya mbele ilizidi ya nyuma kwa vidole viwili, kwa sababu mbele ndiko sakafu ilikoteremkia. Mteja akikaa, anakaa sawa kama yuko sebuleni kwake. Na nyuma ya kiti akachomeka chombo kidogo alichokichonga kwa masalio ya mbao, chenye meno kama kitana kikubwa. Kila jino lilishika fungu moja la nywele, na fungu likavutika likivutwa na kutulia likiachwa. Jioni chombo hicho kilichomolewa kikachomekwa ukingoni mwa ile kingo, kikageuka mahali pa kutundikia.

Siku ya kwanza Mamkubwa aliposuka kichwa kizima bila kubana nywele kwa meno, aliongea kutoka asubuhi mpaka mchana. Wateja walitamani arudishiwe zile nywele mdomoni.

Lakini chuoni ndipo alipopigwa danadana. Vyumba walimwambia, "Hapa kuna kiti, nenda Samani." Samani wakakipindua kiti, wakakiangalia miguu, wakasema, "Binti, kiti hiki kimepinda." Alipoeleza habari za sakafu, wakasema, "Basi hiyo ni habari ya chumba." Vifaa walikishika kile chombo cha meno, wakakigeuza, wakauliza, "Bila kiti kinafanya nini?" Akajibu hakifanyi kitu. Wakamrudishia.

Akapelekwa kwa mkuu wa mitihani. Huyu wanafunzi walimwita Kisanduku, si kwa ubaya, bali kwa sababu fomu ya kukabidhi kazi ilikuwa na kisanduku kimoja cha idara, na yeye alikilinda kama mlinzi wa lango. Alikuwa mtu mnyoofu. Hajawahi kumwongezea mtu alama wala kumpunguzia. Shati lake lilipigwa pasi hadi mikunjo ilikata.

"Jaza idara moja," alisema.

"Mwalimu, kazi ni moja, ila imekaa kotekote."

"Kisanduku ni kimoja."

"Nikijaza Samani, nitakuwa nimesema uongo."

"Utakuwa umejaza fomu," alisema Kisanduku, na akamwita anayefuata.

Nyumbani mama yake alimngoja na maneno yake tayari. Mama alikuwa mpiga pasi katika hoteli, siku nzima yuko kwenye mvuke, na alishaiota picha ya binti yake amevaa joho. Hata mahali pa kuitundika alishapafuta vumbi.

"Mwanangu, peleka hicho kiti. Waambie ni kiti. Kwani si kiti?"

"Ni kiti, mama."

"Si ndiyo hivyo! Mimi niitwe mama, niitwe shangazi, niitwe mpiga pasi, yote ni mimi. Wakitaka kuniita moja, naitika."

Jumatatu ya wiki ile ya mwisho Futi akakiondoa kiti pale kwenye kingo, akakipeleka karakana ya chuo kipigwe vanishi. Kwenye fomu akaandika kwa kalamu ya risasi: Samani.

Mafundi wa karakana walikuwa na mkubwa wao aliyeitwa Pimamaji. Hakuna kilichomkera duniani kuliko kitu kisicho sawa. Akiingia chumba cha mtu, kwanza hunyoosha picha ukutani, ndipo asalimie. Futi aliporudi Jumanne asubuhi, alimkuta Pimamaji anamngoja mlangoni, uso umemchanua.

"Njoo uone! Nimekuokoa!"

Kiti kilikuwa katikati ya karakana, kinang'aa, kimesimama wima kabisa. Juu ya kikalio fundi ameweka pima maji lake la kupimia usawa, na povu limetulia katikati kama mboni ya jicho.

"Miguu ya mbele ilikuwa imezidi vidole viwili," alisema Pimamaji. "Vidole viwili, mwanangu! Nikasema, huyu mtoto ana haraka, amekosea kipimo. Nimekikata. Wala usinishukuru."

Futi alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Mwisho akacheka, kicheko cha mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni, hata Pimamaji akaanza kurudi nyuma.

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea, Mzee. Umenyoosha kilichonyooka."

Alikichukua kiti akakirudisha kwa Mamkubwa, akakiweka mahali pake. Mteja wa kwanza alipokaa, akateleza mbele taratibu, kama sabuni kwenye ukingo wa karo, akasimama mwenyewe bila kutaka.

"Kiti hiki kinanifukuza!" alilalamika.

Mamkubwa akamrudisha kwenye kiti cha plastiki, akarudisha nywele mdomoni, akainama. Futi aliuangalia ule mgongo ukijipinda upya. Ndipo hasira ikampanda, na ajabu, haikumpanda juu ya Pimamaji. Fundi alikata miguu kwa sababu kiti kililetwa peke yake, na kiti peke yake kilikuwa kosa kweli. Nani alikileta peke yake? Yeye. Nani aliandika Samani kwa kalamu ya risasi, mkono ukiwa mwepesi kama wa mwizi? Yeye.

Akatoa kifutio, akafuta.

Siku mbili zilizofuata alikuwa karakana akichonga miguu mipya ya mbele. Pimamaji aliposikia habari za sakafu, alikwenda mwenyewe kuiona, akaweka pima maji lake chini, akalitazama povu likikimbilia ukuta wa nyuma, akavua kofia. Aliporudi aliomba amsaidie kukata. Alikata kwa kipimo cha Futi, mguu wa mbele mrefu kuliko wa nyuma, huku amefumba jicho moja na kuguna kama anang'olewa jino.

"Nafanya dhambi," alisema. "Leta na huo wa pili."

Alhamisi mchana kiti kilikuwa kimesharudi kwenye kingo. Na ukumbini, juu ya jukwaa lenye nambari ya Futi, palikuwa na karatasi moja tu: Kazi hii ina mtu anayeitumia. Iko kando ya barabara, chumba kilichokuwa bucha. Mlango uko wazi hadi jioni.

Wenzake walipita wakasoma, wengine wakacheka, wengine wakamshika bega kama mfiwa. Mama yake aliposikia, aliketi kitandani, akasema, "Basi umejitakia." Hakupandisha sauti, na hilo lilimuuma Futi kuliko angepigiwa kelele.

Ijumaa saa tisa na robo, gari la chuo, lile la kubebea mizigo, lilisimama mbele ya chumba cha Mamkubwa. Akashuka Kisanduku, fomu mkononi. Alikuja mwenyewe kwa sababu, kwa hesabu yake, mwanafunzi mwenye kiti aliyekosa kukileta ni mwanafunzi wa kusaidiwa kukibeba.

"Zimebaki dakika arobaini na tano," alisema. "Tukipakie sasa, tutawahi."

"Kiti kina mtu, Mwalimu," alisema Futi.

Kweli kilikuwa na mtu. Alikuwa askari wa barabarani, mama mpana, aliyekuwa mapumzikoni, na kichwa chake kilikuwa nusu kimesukwa nusu kimesimama kama moto. Mamkubwa alikuwa ameegemea kingo, vidole vinakwenda.

"Mama, samahani," Kisanduku alimwambia askari, "naomba usimame kidogo."

"Nani asimame?"

"Wewe, mama."

"Miaka kumi na tano nasimamisha magari, leo nisimamishwe mimi? Na kichwa hiki? Nikitoka hivi watoto wa mtaa wataniita majina mpaka nistaafu."

"Mwalimu," Mamkubwa aliingilia, "hapa kwangu kuna sheria moja tu. Kichwa kilichoanzwa hakiondoki kwenye kiti. Hata nyumba iungue, tunasuka huku tunamwagia maji."

"Na mimi nina sheria. Kazi iwe ukumbini saa kumi."

"Basi sheria zikae zisubiriane. Keti."

Hapakuwa na pa kuketi. Kisanduku akasimama, mguu mmoja juu ya mteremko na mwingine chini, akawa kama jogoo kwenye paa. Alitaka kuandika saa aliyofika, kalamu ikamponyoka. Ilianguka, ikaviringika, ikavuka chumba kizima, ikatoka mlangoni. Akatoka kuifuata. Aliporudi hakuandika. Aliiweka kalamu juu ya mkono wa kile kiti, karibu na kiwiko cha askari, akaiachia.

Ikatulia. Akaisukuma kidogo kwa ncha ya kidole. Ikatulia tena.

"Hm," alisema.

"Unafanya nini na mkono wangu?" askari akauliza.

"Si mkono wako, mama. Ni wa kiti."

Kisha akainama nyuma kuangalia kile chombo cha meno. "Na hiki je? Naweza kukichomoa nikitazame?"

"Chomoa," alisema Mamkubwa, "ila hizi nywele nitaziweka wapi? Mdomoni mwako?"

"Nitazishika."

"Haya. Nyoosha mikono."

Mamkubwa akachomoa chombo, akakiweka kwenye kingo, akamkabidhi mafungu ya nywele, kama thelathini, nusu mkono wa kulia, nusu wa kushoto. Ukitaka kumwona mtu mzima akiwa mtoto, mpe nywele za kushika. Dakika ya kwanza alikuwa sawa. Dakika ya tatu mafungu yalianza kushikana. Akataka kuyatenganisha kwa kidole kimoja, akayavuruga zaidi. Pua ikamwasha, hakuwa na mkono wa kuikuna. Akaikuna kwa bega.

Mamkubwa akamtazama kwa pembe ya jicho. "Kitendawili!"

Kisanduku akatazama huku na huku. "Tega," alisema, maana adabu ni adabu.

"Nimeshika mateka mia. Hawana mikono wala miguu, na nikiwaunganisha tu wanapigana."

Kisanduku akafikiri. Jasho likamtoka kwenye shati la pasi. "Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji niufanyie nini? Mimi nina chumba kimoja na kinanitosha. Ni nywele hizo ulizoshika. Na sasa umenisukia kiota."

Askari alicheka mpaka kiti kizima kikatikisika, lakini hakikusogea hata unywele. Futi akachukua chombo, akakichomeka mahali pake, akayapokea mafungu mikononi mwa mwalimu wake moja moja, akayapanga kwenye meno. Kazi ikaendelea.

Saa ya Kisanduku ilionyesha kumi kasoro dakika nane. Alijifuta mikono kwa leso, akaweka fomu juu ya kingo, akashika kalamu.

"Sikiliza, binti. Sitakibeba. Nimekikagua hapa hapa, na sheria inaniruhusu kukagua. Naandika Samani, umefaulu, na umefaulu vizuri kuliko wengi walioko kule ukumbini. Wiki ijayo unavaa joho."

Vidole vya Mamkubwa vilisimama. Futi aliliona lile joho, akaiona na picha ukutani kwa mama yake, pale palipofutwa vumbi.

"Usiandike Samani, Mwalimu."

"Unasemaje?"

"Jumanne nilikifanya kuwa samani. Kikakatwa miguu, na aliyekikata hakuwa na kosa. Hujaona kiti hapa. Umeona mtu anasuka bila kuvunjika mgongo. Ukitoa chumba, kiti kimepinda. Ukitoa kiti, hicho chombo ni kuni. Ukitoa vyote, hili ni bucha. Andika zote tatu."

"Kisanduku ni kimoja!"

"Basi andika sijakabidhi."

"Utarudia mwaka mzima."

"Nitarudia. Na mwakani nitakuletea hii hii."

Askari akasema taratibu, "Mwalimu, huyu hasimami. Mimi nawajua wasiosimama."

Kisanduku aliweka ncha ya kalamu pale palipoandikwa Hajakabidhi, akaiondoa. Akaiweka tena, akaiondoa tena. Mikononi mwake nywele mbili tatu zilikuwa bado zimemnasia kwenye saa.

"Siwezi," alisema mwisho, na ilionekana anajiambia mwenyewe. "Kitu nimekishika kwa mikono yangu, nitaandikaje hakikukabidhiwa? Huo ni uongo."

Akainama juu ya karatasi. Katika kisanduku kisichozidi upana wa kidole gumba aliandika kwa herufi za sisimizi: Vyumba, Samani, Vifaa. Akaangalia saa, akaandika saa kumi kasoro dakika mbili, akatia sahihi.

"Ofisi watairudisha," alisema.

"Wairudishe," alisema Futi.

Na waliirudisha. Waliirudisha na alama nyekundu: chagua moja. Kisanduku akaituma tena vile vile, bila kugusa nukta. Ikarudi tena. Safari hii alikwenda nayo mwenyewe, akaketi ofisini kwa msajili kuanzia asubuhi, akasema hajawahi kuandika asichokiona na haanzi uzeeni. Walibishana wiki tano. Katikati ya wiki hizo sherehe ya mahafali ikaja ikapita. Wenzake Futi walivaa majoho wakarusha kofia, yeye alikuwa kwa Mamkubwa akibadilisha bawaba ya dirisha. Mama yake alipiga pasi siku nzima. Jioni yake alikuja pale chumbani, akakaa kwenye kiti, akafungua kilemba.

"Nisuke, dada," alimwambia Mamkubwa. Kisha, bila kumtazama binti yake, akaongeza, "Kiti chenyewe kinakalika. Lakini picha yangu unanidai."

Cheti kilitoka siku ya Jumatano, kimeandikwa idara zote tatu, kikachukuliwa dirishani kama barua ya kawaida. Foleni ilikuwa ndefu. Karani alikuwa na madaftari matatu ya kusainia, kila idara na lake. Akasoma cheti, akamsoma Futi.

"Wewe ndiye yule. Sasa nikusainishe daftari lipi?"

"Yote."

"Dada, hilo halijawahi kutokea hapa."

"Limetokea."

"Unaiona foleni nyuma yako?"

"Naiona. Nipe kalamu."

Karani akashusha pumzi, akasukuma madaftari chini ya dirisha. Futi akafungua la kwanza, akaandika jina lake, la baba yake na la babu yake, yote kwa urefu, akatia sahihi na tarehe. Akafungua la pili, akaandika vile vile, bila kufupisha herufi. Mtu wa nyuma akasonya. Mwingine akauliza kwa sauti kama huyo dada anaandika kitabu. Futi hakugeuka. Alinyoosha vidole, akavuta daftari la tatu.